Wapiga picha za mandhari tukutane hapa: ukiwa nje usiiamini skrini ya nyuma ya kamera

mpenda_alfajiri (mleta uzi)

Wakuu salaam kwenu wote.

Maswali ya picha za mandhari yanajirudia sana humu, mtu anauliza anunue kamera gani na lenzi gani, anajibiwa vizuri tu, ananunua, halafu baada ya muda anarudi na malalamiko yaleyale. Eti kwenye kamera picha ilikuwa nzuri ila nikiifungua kwenye kompyuta ni giza tupu. Au anga lote limekuwa jeupe pe. Au nikiikuza naona haijatulia kabisa. Mimi kupiga milima, maziwa, fukwe na misitu ndo kazi yangu, na kwa nilichokiona chanzo kikubwa cha hayo yote ni kimoja, watu wanaiamini ile skrini ya nyuma.

Skrini haipimi mwanga wakuu. Inakuonyesha kijipicha cha JPEG ambacho kamera imeshakipika yenyewe, na wewe unakitazama kwa macho ambayo yameshazoea mwanga wa pale uliposimama. Mchana juani skrini inaonekana hafifu, unadhani picha ina giza, unaongeza mwanga, unaunguza mawingu yote. Usiku ndo kinyume chake na ni hatari zaidi, manake macho yakikaa gizani kama nusu saa yanakuwa makali mno, picha yenye giza nene unaiona inawaka kama taa, unaridhika, unafungasha, unakuja kugundua baadae kwamba kwenye vivuli hakuna kitu. Skrini ni ileile, macho ndo yamebadilika. Na kama umeiacha ijirekebishe mwangaza yenyewe ndo unazidi kupotea, ifunge kwenye kiwango kimoja na uizoee hapo.

Kitu cha kuamini ni histogramu. Ule mchoro wa vilima, kushoto ni giza, kulia ni mwanga, urefu wa kilima ni wingi wa pikseli (nukta za picha) zilizopo kwenye kiwango hicho. Haujali kama umesimama juani au pangoni. Mimi naangalia kwanza ukuta wa kulia, kwa sababu kila pikseli kwenye sensa (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) ni kama ndoo iliyowekwa mvuani, ikishajaa imejaa, matone yanayozidi hayaandikwi popote. Anga likiungua hakuna programu duniani itakayokurudishia mawingu, yatabaki doa jeupe tu. Vivuli navyo vikiwa na giza bado kuna kitu ndani, unaweza kuviinua kwa kiasi.

Nitoe mfano mmoja mtu auone kwa macho. Uko ziwani alfajiri, ukungu umetanda juu ya maji, jua bado. Kamera imetengenezwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati, kwahiyo ikikuta fremu nzima ni ukungu mweupe inaona hapa mwanga umezidi, inapunguza, na unapata ukungu wa kijivu uliochakaa. Kwenye mwanga mdogo wa saa ile skrini inapendeza tu huoni shida yoyote. Ukifungua histogramu unakuta kilima chote kimejikusanya katikati na upande wa kulia ni patupu. Hapo unazungusha ule mpangilio wa +/- hadi +1, unapiga, unatazama, bado pana nafasi, unaenda +1 na theluthi mbili, kilima kinasogea kulia bila kugusa ukuta. Sasa ukungu ni mweupe kweli, na ndani ya huo weupe bado unaona tabaka, la karibu na la mbali. Halafu jua linachungulia nyuma ya miti na ndani ya dakika mbili tatu kila kitu kimebadilika, mkia wa kulia unapanda ukutani, unatakiwa kurudi kwenye 0 au chini yake. Ule mpangilio uliokuwa sahihi sasa hivi umeshakuwa sumu. Ndo maana nasema angalia tena na tena.

Na pigeni RAW jamani, yaani faili ghafi lenye kila ilichokusanya sensa. JPEG imeshatupa sehemu kubwa ya ulichokusanya kabla hujafika nyumbani.

Uwanja ni wenu, mwenye swali au anayepinga karibu.


Filamu ya Zamani

Mkuu nakuunga mkono ila niongeze upande wangu maana nimetokea kwenye filamu. Kwenye negativu sheria ilikuwa kinyume kabisa cha hii, unapima vivuli kwanza. Negativu ilikuwa inasamehe mwanga uliozidi, haikusamehe giza, kivuli ambacho hakijaandikwa kwenye filamu ndo basi tena. Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na mwenzake Fred Archer karibu na mwaka 1940 walipanga mfumo wa zoni, wanagawa mandhari kwenye ngazi kuanzia nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, unapima kwa ajili ya vivuli halafu mwanga mkali unaudhibiti wakati wa kusafisha filamu. Sasa mtu wa rika langu akishika kamera ya dijitali anakuja na mkono uleule wa kuongeza mwanga kwa ajili ya vivuli, na anaunguza kila machweo. Waliokuwa wanapiga slaidi ndo walihamia kwa urahisi, kwa sababu slaidi nayo ukizidisha mwanga imekwisha.

Kile ambacho hakijafa kwenye mfumo wa zoni ni ule utaratibu wa kuamua kabla hujabonyeza, kwamba jiwe hili nataka liwe na weusi kiasi gani, theluji ile iwe na weupe kiasi gani. Kamera haiwezi kukuamulia hilo.


Fotoni Moja Moja

Uzi mzuri. Niweke kidogo upande wa kisayansi kwa nini tunasukuma histogramu kulia bila kugusa ukuta, maana wengi wanalisema bila kujua sababu.

Maelezo yaliyozoeleka ni ya ngazi. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384, na stopu (hatua moja ya mwanga, mara mbili au nusu) ya juu kabisa peke yake inabeba 8,192, inayofuata 4,096, hivyo hivyo kila ukishuka inakatwa nusu, ukifika stopu ya kumi kutoka juu unakuta ngazi 16 tu. Hiyo ni kweli ila sababu kubwa zaidi ni mwanga wenyewe. Mwanga unafika kwa fotoni moja moja na hazifiki kwa mpangilio, na huko kupishana ndo chengachenga mnazoziona kwenye vivuli. Kiasi chake ni kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni, yaani ukitafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe inakupa idadi hiyo. Pikseli iliyokusanya fotoni 10,000 ina chenga kama 100, hiyo ni asilimia 1. Pikseli iliyokusanya fotoni 100 ina chenga 10, asilimia 10 nzima. Kwahiyo chenga kwenye vivuli sio lazima kamera iwe mbovu, mwanga uliingia kidogo. Kupandisha ISO (ile namba ya kukuza mwanga uliokwisha kupokelewa) hakuongezi hata fotoni moja, kinachoongeza ni muda na tundu la lenzi, basi.

Ndo maana kwa mandhari tripodi ni bora kuliko kubadilisha kamera. Unabaki ISO 100 na unaiacha shata (pazia la mbele ya sensa) wazi muda unaoutaka.


kivuli kirefu

Mleta uzi mimi napinga kidogo. Histogramu nayo inadanganya, maana inatokana na ileile JPEG unayoisema, sio RAW. Mimi nimeona mara nyingi histogramu inasema nyekundu imeungua, nikifungua RAW kila kitu kipo.


mpenda_alfajiri

@kivuli kirefu uko sahihi mkuu, na hili watu wengi hawalijui. Histogramu inatengenezwa baada ya kamera kuweka rangi, kontrasti na waiti balansi (kurekebisha rangi kulingana na aina ya mwanga). Ukichagua mtindo wa rangi kali za mandhari kontrasti inavuta pande zote mbili na unaona ukuta mapema kuliko uhalisia. Mimi natumia mtindo uliopoa kabisa, kontrasti chini, rangi chini. Kwenye skrini picha inaonekana imepauka lakini namba zinakaribia ukweli na RAW haiguswi na huo mpangilio. Waiti balansi nayo naifunga kwenye alama ya jua, siiachi ijichagulie, kwa sababu ikijichagulia kila picha inakuja na histogramu yake na huwezi kulinganisha ya sasa na ya dakika tano zilizopita.

Halafu tumieni ile histogramu yenye rangi tatu. Machweo ya moto nyekundu inagonga ukuta wakati kijani na bluu ziko mbali, na histogramu moja nyeupe inaweza kukwambia kila kitu salama. Ukiona nyekundu peke yake imegusa kidogo unaweza kuwa bado salama kwenye RAW, zikigusa zote tatu anga hilo limeondoka. Kwahiyo inadanganya kidogo na inadanganya kwa namna ileile kila siku, ukishaijua kamera yako unajua imebakiza nafasi kiasi gani baada ya ukuta. Skrini inadanganya tofauti kila saa, hapo ndo pana tofauti.


mgeni wa lenzi

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mgeni kwenye hii kitu, shida yangu ni picha kutotulia. Natumia tripodi, lenzi 24mm, naweka f/22 ili kila kitu kiwe na fokasi kuanzia mbele mpaka mlimani lakini bado nikikuza naona laini tu. Tatizo ni lenzi?


mpenda_alfajiri

Karibu sana mdogo wangu. Lenzi yako inawezekana haina kosa lolote. f/22 yenyewe ni tatizo, namba ya f ikiwa kubwa tundu la lenzi ni dogo, na tundu likiwa dogo sana mwanga unapinda kwenye kingo zake na kila nukta inatawanyika, unapata picha ambayo kila mahali iko sawa lakini kila mahali ni laini. Kwa sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm mimi nakaa f/8 hadi f/11, f/16 naigusa kwa sababu maalum.

Cha kujifunza ni umbali wa fokasi. Kwa 24mm na f/8 kwenye sensa hiyo, ukifokasi kama mita 2.4 mbele yako unapata ukali unaokubalika kuanzia mita 1.2 mpaka mwisho wa macho. Ila hesabu hiyo ni ya vipimo vya zamani vya picha ya kawaida, sensa za sasa zenye pikseli nyingi ni kali, kwahiyo mimi nafokasi mbele zaidi kidogo, mita tatu nne hivi, ili mlima usipoteze. Kama kuna ua au jiwe karibu sana na lenzi basi piga picha mbili tatu, moja umefokasi jiwe, moja katikati, moja mlimani, utaziunganisha baadae.

Na hapa narudi palepale, usithibitishe ukali kwa kuangalia picha nzima kwenye skrini. Kila picha ni kali ikiwa na ukubwa wa kiganja. Kuza mpaka mwisho, nenda kwenye jiwe la mbele, kisha nenda kwenye mstari wa mlima, kisha nenda kwenye kona za fremu. Unapofokasi kwa mkono kuza kabla hujapiga, usikuze baada ya kupiga tu.

Tripodi yenyewe nayo ina mambo. Ile nguzo ya katikati usiinyanyue kama huna ulazima, upepo ukipiga inatikisika kama unyasi. Kama kuna upepo fungua miguu kwa upana, shuka chini, simama upande upepo unakotokea mwili wako uwe ukuta, mkanda wa kamera uvue au uukunje maana unapepea na kutetemesha kila kitu. Ukiwa ufukweni miguu ya tripodi inazama taratibu kila wimbi likirudi na mchanga, hulioni kwa macho lakini kwenye picha ya sekunde mbili linaonekana, ikandamize kwa nguvu mpaka iache kushuka, subiri wimbi lipite, ndo upige. Na ule utulizaji ulioko ndani ya kamera au lenzi uzime ukiwa kwenye tripodi kama kitabu cha kamera yako kinaelekeza hivyo, baadhi zinatafuta mtikisiko ambao haupo na zinautengeneza zenyewe. Tumia taimeri ya sekunde mbili, kidole kikibonyeza kinasukuma.


Maji Tulivu

Naomba kuuliza kuhusu maporomoko na maji ya kuwa kama hariri, nimenunua filta nyeusi ya stopu 10 lakini nikiiweka sioni chochote na hesabu ya muda inanichanganya, mara picha nyeupe mara nyeusi.


mpenda_alfajiri

@Maji Tulivu panga kila kitu kabla hujaweka filta. Fremu, fokasi, kisha geuza fokasi iwe ya mkono isije ikahangaika gizani. Piga picha ya kawaida bila filta mpaka histogramu ikuridhishe, hapo ndo unachukua muda wake na kuuzidisha. Stopu 10 ni mara 1,024, watu wanasema elfu moja kurahisisha. Kama bila filta ilikuwa 1/60, na filta ni kama sekunde 17. Kama ilikuwa 1/15 inakuwa dakika moja na kidogo. Stopu 6 ni mara 64, hiyo kwa maporomoko inatosha mara nyingi, na msituni kwenye kivuli unaweza usihitaji filta kabisa. Kamera nyingi zinaishia sekunde 30, zaidi ya hapo unaenda kwenye B (shata inabaki wazi mpaka uifunge mwenyewe) na rimoti ya kufunga. Kama kamera yako ni ya kioo ndani (DSLR) funika na kile kijidirisha cha kuchungulia, mwanga unaingia kwa nyuma ukiacha wazi dakika kadhaa.

Ila niseme ukweli wangu, maji sio lazima yawe moshi. Kati ya robo sekunde na sekunde moja maji yanabaki na mistari, unaona yanakoelekea, unaona yalivyogonga jiwe. Ukienda sekunde 30 kwenye maporomoko unapoteza yote hayo. Muda mrefu naupenda kwenye ziwa lenye viwimbi vidogo au mawingu yanayokimbia.

Kitu kingine, kamera ikimaliza sekunde nyingi inaweza kukaa kimya muda uleule ikikataa kupiga, watu wanadhani imeharibika. Inapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa ili ijue ni pikseli zipi zinawaka zenyewe kwa joto na izitoe. Dakika nne inakuwa nane. Machweo yakiwa yanaondoka zima huo mpangilio.


kivuli kirefu

Na polaraiza, ile filta ya kukata mng'ao, vipi? Mimi naiacha kwenye lenzi moja kwa moja.


mpenda_alfajiri

Itoe mkuu. Inakula karibu stopu moja na nusu hadi mbili muda wote. Nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua, ukinyoosha mkono mmoja kwenye jua mwingine ukauelekeza pembeni pembe mraba hapo ndo anga linakoza. Ukiwa na lenzi pana sana unapata doa la bluu nzito katikati ya anga na pembeni pamepauka, mbaya sana na kurekebisha ni shughuli. Pale inapofanya kazi ambayo kompyuta haiwezi ni kwenye majani yenye maji na mawe yaliyolowa, inaondoa ule mng'ao mweupe na rangi ya chini inatoka, na kwenye maji ya kina kifupi unaona mpaka chini. Na upinde wa mvua uwe makini nao, mwanga wake umepangika kwa namna ambayo ukizungusha vibaya polaraiza unaufuta kabisa, ukizungusha upande wa pili unakoza. Zungusha huku unachungulia.


Filamu ya Zamani

Mkuu gusia hali ya hewa. Vijana wanapoteza vifaa kwa unyevu kuliko kwa kudondosha.


mpenda_alfajiri

Kweli kabisa mzee wangu, asante.

Ukitoka baridini ukaingia kwenye joto lenye unyevu, au ukatoka chumba chenye kiyoyozi ukaenda nje penye fukuto, kioo cha lenzi kinajaa ukungu na mbaya zaidi unaweza kujaa ndani ya kamera. Usifute, usibadilishe lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa zipu mpaka ilingane joto na hewa ya pale, hata kama ni nusu saa. Ndo maana mimi nikijua nina kazi alfajiri siilazi kamera kwenye kiyoyozi.

Usiku anga likiwa wazi shida ni umande. Kioo cha mbele kinapoteza joto kuelekea angani kinakuwa cha baridi kuliko hewa yenyewe, umande unakaa taratibu, na nyota zinaanza kuvimba kidogo kidogo. Kwenye skrini hulioni mapema, unakuja kugundua umepiga saa nzima picha za pamba. Kuna mikanda ya kupasha joto lenzi inayotumia pawabenki, kama unapiga usiku uwe nayo, na kila baada ya muda mulika kioo kwa pembeni ukiangalie.

Baridi kali inalegeza betri, haijafa, ukiirudisha mfuko wa ndani karibu na mwili ikapata joto inarudisha sehemu ya nguvu yake. Tembea na mbili, moja kazini moja kifuani. Maji ya chumvi ni adui wa kila kitu, tripodi ikitoka baharini fungua miguu ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, usisubiri. Na lenzi usiifungie kwenye begi lenye unyevu kwa wiki, fangasi wanaota kwenye vioo vya ndani na hapo huwezi kuwafikia kwa kitambaa.

Vumbi je, ukibadilisha lenzi zima kamera, geuza mgongo kwa upepo, mdomo wa kamera uangalie chini. Vumbi kwenye sensa hulioni f/4, ukifika f/16 na anga la bluu linajaa madoa.


Nyota na Mlima

Mie napenda nyota lakini nikikuza zinakuwa vijistari. Nafuata kanuni ya 500 ya kupata muda wa kuacha shata wazi.


Fotoni Moja Moja

Hiyo kanuni ni ya zamani dada. 500 gawanya kwa urefu wa lenzi, kwa 20mm inakupa sekunde 25. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa na sensa za sasa zinaona mwendo huo vizuri tu. Tumia 300 badala ya 500, kwa 20mm ni sekunde 15, fungua tundu hadi f/2.8 au chini kama lenzi inaweza, ISO 3200 au 6400. Picha ikikaa kushoto kwenye histogramu usishtuke, usiku ni usiku, ila kilima kisiwe kimebandikwa kwenye ukuta wa kushoto. Fokasi usiiamini ile alama ya mwisho kwenye lenzi, joto likibadilika nayo inahama. Chagua nyota inayowaka, ikuze mpaka mwisho, zungusha taratibu mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote.


mpenda_alfajiri

Na dada vaa taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, ile nyeupe inayaua macho na inabidi uanze upya kusubiri nusu saa. Lakini kwenye taa nyekundu usihukumu rangi yoyote.

Kwa wanaokwenda alfajiri peke yao naomba mnisikilize, hili nalisema kwa uzito. Mwambie mtu unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Ifahamu njia mchana kabla hujaipita gizani. Kama ni pwani angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda juu na yanashuka chini kuliko kawaida, mwamba uliosimama salama wiki iliyopita unaweza kuzungukwa nyuma yako wakati jicho liko kwenye kamera. Kabla hujashuka kwenye mawe yatazame mawimbi muda wa kutosha, makubwa yanakuja kwa makundi, ukitazama dakika moja tu unaweza kukutana na utulivu ukadhani ndo hali yake. Na jiwe likiwa limelowa juu maana yake wimbi linafika hapo.


mgeni wa lenzi

Asanteni sana wakubwa. Muda mzuri ni upi hasa? Nasikia saa ya dhahabu.


mpenda_alfajiri

Jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi, bluu inatawanywa njiani inabaki njano na nyekundu, na vivuli vinakuwa virefu vinakuchorea umbo la ardhi. Lakini muda wake unategemea uko wapi duniani. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, likishazama una dakika ishirini na kidogo za utusitusi wenye mwanga wa kufanyia kazi halafu giza. Ukienda mbali kaskazini wakati wa kiangazi mwanga huohuo unavutwa kwa muda mrefu sana. Kwahiyo usichukue ratiba ya mtu wa kwingine, fika mapema. Mimi jua likizama sifungashi, rangi nzuri mara nyingi inakuja baada ya hapo, mwanga unapopiga mawingu kwa chini.


kivuli kirefu

Sasa mkuu swali la mwisho, dakika ishirini, mwanga unabadilika kila saa, ukikaa kuangalia histogramu kila picha si unakosa mwanga wenyewe?


mpenda_alfajiri

Swali zuri. Kama kamera yako haina kioo weka histogramu ionekane ndani ya kitundu cha kuchungulia kabla hujapiga, na washa zebra, ile mistari inayotokea juu ya sehemu zinazokaribia kuungua. Hapo hupotezi hata sekunde, unazungusha gurudumu huku unachungulia mpaka mistari inaondoka kwenye mawingu, unabonyeza. Kuchungulia kwenye kitundu kunakusaidia pia kwa sababu jua la nje haliingii.

Kama ni ya kioo fika mapema, piga za majaribio mwanga haujafika bado, jua uko wapi, kisha fuata mwanga kwa stopu. Anga likiwa linawaka zaidi unashuka theluthi theluthi, likififia unapanda. Pale ambapo anga na ardhi vimepishana sana, jua likiwa ndani ya fremu, piga tatu mfululizo kwa kupishana stopu mbili, moja ya kati, moja ya chini kwa ajili ya mwanga, moja ya juu kwa ajili ya vivuli, kamera inazipiga yenyewe kwa kubonyeza mara moja. Kama kuna upepo na majani yanacheza kuunganisha kunasumbua, matawi yanajirudia mara tatu, hapo shika ile ya chini peke yake ambayo mwanga wake haujaungua na uinue vivuli kwenye RAW. Kuangalia mara moja kila mwanga unapohama kunatosha, sio kila picha.